Nani Atamhamisha Yule Abiria wa Dirishani?

Ijumaa moja ya Julai 2023 nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu hapa Nakuru, mtaa wa Section 58, simu mkononi na macho kwenye saa ya ukutani. Ilipogonga saa tatu kamili usiku nikabonyeza. Kule Dallas ilikuwa saa saba mchana, na kesho yake saa hiyo hiyo shangazi yangu na mumewe, wote wameshapita miaka sabini, walikuwa wapande ndege ya Southwest, shirika la Marekani, kwenda Baltimore kumwona kijana wao. Nilikuwa nimekesha na saa kwa sababu shangazi alikuwa amenipigia mara tatu siku hiyo kwa swali moja tu: "Mwanangu, tiketi zetu hazina namba ya kiti. Kweli tutakaa pamoja?"

Hazikuwa na namba kwa sababu shirika hilo halikuwa likigawa viti. Unaingia, unatazama, unakaa palipo wazi, kama mtu anayepanda matatu ya Njoro. Ndivyo Southwest ilivyofanya tangu iliporusha ndege zake za kwanza mwaka 1971 kati ya Dallas, Houston na San Antonio. Mwaka uliofuata ililazimika kuuza ndege moja kati ya nne ilizokuwa nazo, na ili tatu zifanye kazi ya nne, ikajifunza kushusha abiria na kupakia wengine kwa dakika kumi. Katika dakika kumi huna muda wa kumtafutia mtu 14C.

Kilichogawiwa hapo kilikuwa zamu ya kuingia. Kuanzia mwaka 2007 kila abiria alipewa herufi na namba: A1 hadi A60, kisha kundi la B, kisha C. Herufi ilitegemea ulijisajili lini kwa safari, na mlango wa kujisajili ulifunguliwa saa 24 kamili kabla ya ndege kuondoka. Aliyechelewa nusu saa alikuta watu wengi wamemtangulia. Na tangu mwaka 2009 kulikuwa na wale waliolipa kidogo ili mtambo uwasajili mapema, kabla ya sisi wa kukodolea saa macho. Kwa hiyo ile sifa ya usawa, kwamba wote wanagombea viti wakianzia mstari mmoja, ilikuwa na tundu tangu zamani.

Nilipata B14 na B15. Shangazi alisikitika. Nikamwambia asisikitike, na sababu yangu ilikuwa ya hesabu. Msomaji anivumilie hapa kidogo.

Ndege ya Boeing 737-700 ya shirika hilo ilikuwa na viti 143, vitatu vitatu kila upande wa ujia. Ichukulie kama mabenchi 48 ya watu watatu, moja likiwa na upungufu wa kiti. Abiria aliye peke yake hapendi kiti cha kati. Ataanza na benchi tupu, akae dirishani au ujiani. Sasa fikiria hali mbaya kuliko zote: kila anayeingia yuko peke yake na kila mmoja anajitafutia benchi lake. Watu 48 wa kwanza wanatosha kuharibu kila benchi tupu ndani ya ndege nzima. Familia ya watatu imekwisha hapo, na kundi la A bado halijamaliza kupanda! Lakini watu wawili bado wana pumzi, maana katika kila benchi mmebaki viti viwili vinavyogusana. Itabidi waingie wengine 48 hivi ndipo jozi ya mwisho ipotee. Baada ya hapo, yaani kuanzia abiria wa 97 au karibu na hapo, kilichosalia ni viti vya kati, kila kimoja kimebanwa na watu wawili wasiojuana.

Shangazi na mzee wake walikuwa wa 74 na wa 75. Hata katika hali hiyo mbaya walikuwa na jozi zaidi ya ishirini za kuchagua. Na mambo huwa afadhali kuliko hesabu yangu, kwa sababu watu hupenda mbele ili washuke haraka, nyuma wakapaacha. Nikamwagiza: "Ukiingia, usitazame viti vya mbele hata kama unaona nafasi. Nyoosha moja kwa moja mpaka nyuma." Wakakaa karibu na choo, mzee dirishani, na aliponipigia kutoka Baltimore malalamiko yake yalikuwa kuhusu chai.

Nimeanza na hesabu hii kwa sababu mjadala wa viti vya wazi huendeshwa kwa hisia. Wanaoutetea mtindo huo husema ni uhuru. Wanaoupinga husema ni vurugu, kwamba familia hutawanywa kama kuku. Hesabu inasema jambo la katikati: wawili walikuwa salama mpaka ndege ifike theluthi mbili, watatu waliharibikiwa mapema sana. Southwest yenyewe ilijua, ndiyo maana familia yenye mtoto wa miaka 6 kushuka chini iliruhusiwa kupanda baada ya kundi la A, kabla ya B. Mtoto wa miaka saba alihesabiwa mtu mzima wa foleni. Nani alikaa akaamua kwamba usiku wa kuamkia siku ya kutimiza miaka saba mtoto huacha kumhitaji mama yake, sijui, lakini mstari lazima uchorwe mahali.

Halafu kulikuwa na kushikiana nafasi. Mume analipia kupanda mapema, mke anabaki na kundi la C, mume akiingia anatandaza koti kwenye kiti cha pembeni. Shirika halikuwa na kanuni ya kuruhusu wala ya kukataza, likawaachia abiria wamalizane wenyewe. Sisi tuliowahi kusafiri kutoka Nairobi kuja magharibi wiki ya Krismasi hatuhitaji kuelezwa. Leso inarushwa kupitia dirishani, mtoto anafuata kupitia dirisha hilo hilo, halafu mwenye leso anaanza kupigania mlango. "Hapo kuna mtu." "Mtu gani? Leso ndiyo mtu?" Sijawahi kusikia jibu zuri la swali hilo, na nimekuwa pande zote mbili.

Ila matatu ina kitu ambacho ile ndege haikuwa nacho, na ndicho kilichonifanya nikae kuandika makala haya.

Nenda steji ya Nakuru jioni yoyote, simama pale zinapopakia za Kisumu. Tangu kanuni za marehemu John Michuki, aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, gari dogo linastahili kubeba abiria 14, kila mmoja na kiti chake na mkanda wake. Viti vimebaki vitatu: kimoja mbele kwa dereva, kimoja katikati, kimoja nyuma kabisa. Anafika mama na watoto wawili, wa tatu mgongoni. Makanga haulizi mtu kama angependa kubadilishana. "Mzee wangu, njoo mbele kwa dereva utanyoosha miguu. Dada, songa dirishani. Wewe kijana rudi nyuma, nyuma ndiko kuna hewa." Nusu dakika haijaisha, mama amekaa na wanawe wawili, wa mgongoni amepakatwa. Mzee hajanuna. Kijana amenung'unika kidogo kwa ajili ya hadhi yake, basi.

Kwa nini hawagomi? Si kwamba watu wa Bonde la Ufa na wa ziwani wana moyo mwema kuliko Wamarekani. Nauli waliyotoa ilinunua Kisumu. Haikununua kiti. Kiti ni cha gari, na gari lina msemaji. Makanga naye hafanyi sadaka: nauli tatu zimesimama nje, na gari lisipojaa haliondoki. Faida yake na haja ya yule mama zimekutana mahali pamoja.

Wala nisimpambe. Makanga huyo huyo ndiye atakayeingiza kibao katikati ya viti tukivuka mji, na abiria wa kumi na tano atakalia hicho. Ndiye pia anayeweka vijana wanne ndani ya gari ili lionekane limekaribia kujaa. Ukishakaa na kulipa, wanashuka mmoja mmoja kama wamesahau kitu nyumbani. Mimi nilidanganywa hivyo nikiwa na miaka ishirini na nane, mtu mzima na shahada yangu. Kwa hiyo sisemi ndege ziige matatu. Ninachosema ni kwamba pale steji yupo mtu mwenye idhini ya kuwahamisha watu, na wote waliomo wanaitambua idhini hiyo.

Angani pia yupo, ukimtafuta mahali panapofaa. Zile ndege ndogo zinazoondoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda Mara, za aina ya Cessna Caravan, hubeba watu kumi na kitu na mara nyingi hazina namba za viti. Rubani anaweza kukutazama ulivyo, akatazama mizigo, akakwambia ukae wapi ili uzito ukae sawa. Sijawahi kuona mtu akibishana na rubani kuhusu dirisha.

Katika ndege kubwa isiyo na namba, mhudumu alibaki na kipaza sauti na maombi. Anayejitolea na ajitolee. Asipojitokeza mtu, mama anaanza kutembea kwenye ujia akiomba benchi hadi benchi, na mtoto ameshika sketi yake, na watu mia wanasoma majarida ambayo hawayasomi.

Sasa mtindo huo wenyewe umekwisha. Ulaya, easyJet iliuacha mwaka 2012, Ryanair ikafuata Februari 2014. Southwest ilitangaza Julai 2024 kwamba nayo itaanza kugawa viti, na ndege zake zikaanza kuruka hivyo tarehe 27 Januari 2026. Sababu iliyotolewa ni kwamba abiria ndio waliotaka: shirika lilisema asilimia 80 ya wateja wake walipendelea kiti kilichogawiwa. Naamini. Ukiniuliza kama ningependa kujua nitakaa wapi, nitajibu ndiyo kabla hujamaliza swali. Liweke swali hilo pamoja na bei ndipo utaniona nikikuna kichwa.

Maana bei ndiyo hadithi yenyewe. Mwaka huo huo wa 2024 kampuni ya uwekezaji ya Elliott ilikuwa imenunua sehemu ya hisa za Southwest na inaishinikiza itengeneze faida zaidi. Kiti chenye namba kinaweza kuuzwa chenyewe: cha mbele bei yake, cha kunyoosha miguu bei yake, na mwenye tiketi ya chini kabisa anasubiri apewe namba wakati wa kujisajili, atakachoangukia ni chake. Wengine hutetea mabadiliko haya kwa hoja ya mpangilio, kwamba namba zinaondoa fujo mlangoni. Hoja hiyo ni nyepesi. Mwaka 2008 mwanafizikia wa anga Jason Steffen alipiga hesabu za namna ya kupakia ndege akaona kwamba kuwaingiza watu kuanzia safu za nyuma kuja mbele, utaratibu unaoonekana wa akili kabisa, ni wa polepole kuliko hata kuwaacha waingie ovyo. Walio safu moja hurundikana mahali pamoja, wote wakiinua mizigo kwa wakati mmoja. Fujo tunayoiogopa, kumbe, ilikuwa na kasi yake.

Na kiti kikishauzwa peke yake, ombi la kuhama hubadilika asili. Hili nalijua kwa sababu nimelionja, na sikujipenda.

Ilikuwa safari ya Kisumu kwenda Nairobi, ndege ya mapangaboi, viti viwili viwili. Nilikuwa nimeongeza shilingi mia kadhaa nipate dirisha, kwa kuwa napenda kuona ziwa likibaki nyuma na mashamba ya mpunga ya Ahero yakichomoza chini kama madaftari yaliyofunguliwa. Shirika, ambalo sitalitaja, lilikuwa limempa mtoto wa miaka kama mitano kiti cha pembeni yangu, na mama yake safu saba nyuma, ujiani. Mama akaja. "Samahani baba, naomba tubadilishane, mtoto huyu hajawahi kupanda ndege."

Nilihama. Ningefanyaje? Lakini kabla ya kuhama nilifikiri, tena kwa muda wa kutosha mama kuona nafikiri. Na nilipokaa kule nyuma, dakika zote hamsini sikumwaza mtoto. Niliwaza zile shilingi zangu. Nilijihisi mtu aliyetoa sadaka kwa nguvu. Mimi huyu huyu nimehamishwa na makanga mara ambazo siwezi kuzihesabu, nimepelekwa nyuma juu ya gurudumu ambako magoti hugusa kidevu, kutoka Nakuru mpaka Kisumu, mwendo wa kilomita karibu 185, na sikuwahi kushuka nikihisi nimeibiwa.

Kwa hiyo nasikia watu wakimlaumu abiria wa dirishani anayekataa kumpisha mama. Video zake husambazwa, anatukanwa na dunia nzima. Nami nasema mmekosea mtu. Aliuziwa kiti. Shirika lilichukua pesa yake, kisha likamwachia yeye na mama wa watu kazi ambayo lilipaswa kuimaliza siku tiketi zilipokatwa. Limewageuza abiria wawili kuwa wadai na wadaiwa huku lenyewe liko pembeni likisukuma toroli la soda.

Halikosi habari za kulisaidia. Katika kukata tiketi ya mtoto, shirika hujua kuwa ni mtoto na kwamba yuko katika tiketi moja na mama yake. Mtambo unaoweza kubadilisha bei ya safari mara kadhaa kwa siku unaweza kuwaweka wawili hao pamoja kabla kiti cha kwanza hakijauzwa kwa mtu mwingine. Hilo ndilo makanga hufanya kwa sauti na kwa mkono. Mtambo ungelifanya kimya kimya, wiki tatu kabla, bila kumhamisha mtu. Usipofanya, ni kwa sababu mama mwenye hofu ni mteja mzuri wa kuuziwa kiti.

Agosti 2024 Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilipendekeza kanuni karibu na hiyo: mtoto wa miaka 13 kushuka chini akae pembeni ya mzazi au mtu mzima aliyefuatana naye bila malipo ya ziada, na wapewe viti hivyo ndani ya saa 48 baada ya kukata tiketi. Sehemu inayonivutia zaidi ni hiyo ya saa 48. Inalitoa suala mlangoni mwa ndege, mahali ambapo kila mtu ana hasira na mizigo, na kulirudisha kwenye meza ya mauzo. Mamlaka zetu za usafiri wa anga zingeweza kuichukua ilivyo. Ndege za humu nchini za viti viwili viwili zisiwe kisingizio. Mama na watoto wawili wakitenganishwa na ujia tu, hao wako pamoja.

Kwa asiyeguswa na habari za mama na mtoto, ipo hoja ya usalama. Ndege kubwa ya abiria hairuhusiwi kuanza kazi mpaka ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka ndani ya sekunde 90. Mweke mzazi safu ya 20 na mwanawe safu ya 6, jaza moshi, kisha uniambie yule mzazi ataelekea mlango gani. Atakwenda kinyume cha watu, na wewe wa dirishani utakuwa njiani mwake.

Wazee ni suala gumu zaidi, na sitajifanya nina jibu safi. Mtu mzima mwenye afya anaweza kuvumilia saa moja au tatu mbali na mwenzake. Siwezi kuomba sheria kwa ajili ya mapenzi. Lakini mume wa shangazi sikio lake la kushoto halisikii, na Kiingereza cha Wamarekani hakikamati hata kwa la kulia. Shangazi ndiye anayemwambia funga mkanda, ndiye anayemwambia tumefika. Huyo ni mtu na masikio yake, na hata ile foleni ya zamani haikuwa na nafasi yao ila kwa bahati ya kuwa na mpwa mwenye intaneti Nakuru. Wasiokuwa na mpwa waliingia na kundi la C. Ndiyo maana sililii lile shirika na viti vyake vya wazi, ingawa hesabu yake niliipenda.

Mwaka huu wanasafiri tena, kwa shirika jingine. Shangazi alinipigia kuuliza nitakesha lini. Nikamweleza kwamba siku hizi hakuna saa ya kungoja, kuna bei. Namba zinaonekana kwenye simu, mtu analipa, anachagua. Akaniuliza ni kiasi gani kwa viti viwili vya pamoja, kwenda na kurudi. Nikamtajia. Simu ikanyamaza mpaka nikadhani imekatika.

"Yaani," akasema, "ninunue kukaa na mume wangu?"

Mzee akawa anauliza kwa nyuma, kwa sauti ya mtu asiyesikia, kwamba huyo kijana anasemaje.

"Anasema tulipe," shangazi akamjibu.